Igeuze dawa iliyodondoka: namna kompoziti inavyoshika jino, na inavyoachia

Mgonjwa akirudi na dawa ya kuziba jino imefungwa kwenye kikaratasi, "Daktari, imetoka nikila ugali," usiitupe. Ioshe, igeuze, iangalie upande wa chini kwenye mwanga mzuri. Upande huo ndio uliokuwa umelala juu ya jino, na unasema mengi. Ukiwa laini na unang'aa kama chupa, ujue bondi, ile gundi ya majimaji inayopakwa kwanza, iliganda vizuri na ikashikana na kompoziti, yaani dawa yenyewe ya rangi ya jino, ila haikuwahi kuingia kwenye jino. Ukiwa na utando wa njano ulio teketeke, uoza uliachwa chini. Ukiukwaruza kwa sondi, kile chombo chenye ncha kali cha kukagulia meno, ukakwanguka kama nta, mwanga wa taa ya kugandishia dawa haukufika. Na kama kilicholetwa ni nusu, nusu nyingine ingali kinywani imeng'ang'ania, basi ushikaji haukuwa na shida. Angalia unene wa dawa na jinsi meno ya juu na ya chini yanavyogongana.

Huku Nyanda za Juu Kusini tunaloliona zaidi ni lile la kwanza, kipande kinachong'aa kama chupa. Ndiyo sababu tunaandika haya, tukiwafikiria matabibu na madaktari wa meno walioko Tukuyu, Makambako, Njombe, Mafinga na kwingineko, wengi wakiwa na kiti kimoja, taa moja na msaidizi mmoja. Mgonjwa mwenye hamu ya kujua naye asome, hakuna siri humu.

La kukumbuka ni kwamba kompoziti haina gundi ndani yake. Ni mchanganyiko wa resini, aina ya plastiki inayoganda, na chembe za kioo au silika zilizopakwa silani ili zishikane na resini hiyo. Msingi wa resini nyingi za leo, Bis-GMA, ulitoka kwa Mmarekani Rafael Bowen, aliyepewa hataza yake mwaka 1962. Ni dawa ngumu, inapendeza, lakini ukiipachika kwenye jino kavu bila maandalizi itatoka yenyewe. Kinachoshika ni bondi, tabaka jembamba la mikromita 10 hivi, jembamba kuliko unywele. Na uzima wa tabaka hilo huamuliwa katika dakika moja au mbili, kuanzia unapoosha asidi ya kuandaa jino hadi unapowasha taa. Fundi anayehangaika na rangi ya kompoziti dakika kumi, kisha akapaka bondi kwa sekunde tano, amegawa muda wake vibaya.

Enameli, tabaka gumu la nje la jino, ndiyo nyepesi kushughulikia. Kwa uzito, karibu asilimia 96 yake ni madini ya kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo unaweza kuikausha kabisa bila kuidhuru. Mwaka 1955 Michael Buonocore, aliyekuwa akifanya kazi Rochester, Marekani, alieleza kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde 30, resini ya akriliki hudumu juu yake muda mrefu zaidi. Wazo alilitoa viwandani, ambako asidi hiyo ilitumika kuandaa chuma ili rangi isibanduke. Fundi rangi wa magari pale Mwanjelwa angemwelewa papo hapo: bati laini halishiki rangi mpaka ulikwaruze. Asidi ya Buonocore ilikuwa ya asilimia 85. Yetu leo ni jeli ya asilimia 35 hadi 37, inatosha.

Asidi hiyo inakula kama mikromita 10 za juu, kisha inaacha vishimo vidogo vidogo vinavyoshuka ndani zaidi. Bondi nyepesi inazama humo, taa inaigandisha, inakuwa mizizi. Paka sekunde 15 hadi 30, osha kwa maji na hewa angalau sekunde 15, kausha. Enameli iliyochimbwa sawasawa hupoteza mng'ao na kuwa nyeupe butu, kama ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ukakauka mchana. Kama weupe huo hauonekani, usisonge mbele, paka tena. Na ukishaosha, usiifute kwa pamba wala usiiguse kwa chombo, kwa sababu kingo za vile vishimo ni dhaifu na huvunjika. Kwenye meno ya mbele, lainisha ukingo kwa mshazari wa kama milimita 1 kabla ya asidi. Nguzo ndogo ndogo zinazounda enameli zikikatwa kwa mshazari, asidi huzikuta vichwani na ushikaji unaongezeka.

Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ni habari nyingine kabisa. Kwa uzito, madini ni kama asilimia 70, kolajeni na protini nyingine asilimia 20, maji asilimia 10. Imejaa mirija inayotoka kwenye kiini cha jino kuelekea nje. Karibu na enameli mirija hiyo ni kama 20,000 kwa kila milimita ya mraba. Ukikaribia kiini inazidi 45,000, na kila mmoja umekuwa mpana zaidi. Mtu wa Iringa anayeujua ulanzi hahitaji maelezo marefu. Mgema akikata ncha ya mwanzi mchanga, mwanzi unadondosha. Dentini ukiikata nayo inadondosha, maji yakisukumwa kutoka ndani. Kwa hiyo sakafu ya tundu refu haikauki hata ukiipuliza dakika nzima, na kadiri unavyoshuka ndivyo bondi inavyopata shida.

Juu ya mirija hiyo drili inaacha tope lake, unga wa jino uliochanganyika na maji na kuziba kila mdomo, unene wa mikromita 1 hivi. Bondi ikilala juu ya tope, imeshika tope. Lazima tope liondolewe, au bondi yenyewe iwe na asidi ya kulipenya.

Ukitumia asidi ya fosforiki kwenye dentini, tope linaondoka, midomo ya mirija inafunguka, na madini ya mikromita chache za juu yanayeyuka. Kinachobaki ni kolajeni tupu. Fikiria nyumba ya fito na udongo iliyopigwa na mvua. Udongo wa nje wote umeoshwa, zimebaki fito, na katikati ya fito ni maji matupu. Kazi ya bondi ni kuwa udongo mpya: ipite katikati ya fito, ifike hadi kwenye ukuta mzima ulio nyuma, kisha igande hapo. Takao Fusayama wa Japani alianza kupigania matumizi ya asidi kwenye dentini mwaka 1979, na mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake wakalieleza tabaka hilo lililo nusu resini nusu jino. Jina lake kwa Kiswahili limejileta lenyewe: tabaka la mseto.

Sasa tazama kinachotokea ukipuliza hewa kwa nguvu. Fito za kolajeni zilikuwa zimesimama kwa sababu ya maji. Maji yakiondoka zinalala zote, zinagandamana kama mpunga uliopigwa na upepo. Bondi ikipakwa juu yake haipiti. Inaganda vizuri, inang'aa, kompoziti inaishika barabara, lakini chini yake hakuna kitu. Miezi michache baadaye kipande kinatoka kikiwa laini kama chupa. Kabla ya hapo mgonjwa atakuwa amelalamika kwamba chai ya moto inamchoma na maji ya kisima yanamuuma, kwa sababu kuna nafasi iliyobaki wazi, maji ya mirijani yanacheza ndani yake, na kila yanapocheza mishipa ya fahamu ya kiini inashtuka.

Maji yakizidi nayo ni balaa. Resini na maji havipatani. Hutengana, yanabaki malengelenge ndani ya tabaka, na malengelenge hayo ndiyo njia ya kupitisha maji miaka inayofuata.

Basi unyevu uwe kiasi gani? Ukishaosha, nyonya maji ya kwenye kona kwa mashine ya kunyonya mate, kisha gusa dentini kwa kipande kidogo cha pamba au sponji iliyokamuliwa. Dentini ibaki iking'aa kama sakafu ya saruji iliyotoka kudekiwa: inang'aa, lakini hakuna dimbwi. Tatizo ni kwamba enameli ya ukingoni inataka kukauka ili uone weupe wake, na zote mbili ziko kwenye tundu moja. Njia tunayoipenda ni kukausha zote kwa upole, kuhakikisha chokaa ya enameli, halafu kuilowesha dentini tena kwa brashi ndogo yenye maji, uiache sekunde 10 hadi 20, ndipo uguse kwa pamba. Fito zilizolala huinuka tena zikipata maji. Jambo dogo hili limeokoa meno mengi, na halina gharama.

Muda wa asidi kwenye dentini usizidi sekunde 15. Ukipitisha, unaosha udongo kina kirefu kuliko bondi inavyoweza kufika, na chini ya tabaka la mseto kunabaki fito tupu zisizo na madini wala resini. Kwa hiyo anza kuweka jeli kwenye enameli, zunguka ukingo wote, ndipo umalizie dentini na kuanza kuhesabu. Hesabu kwa saa ya ukutani. Sekunde 15 za kichwani siku yenye foleni ya wagonjwa zinaweza kuwa 6, na siku mgonjwa akianza kuongea zikafika 40.

Aina ya bondi inabadilisha mambo haya yote, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi, hata kama maandishi ni madogo. Bondi iliyoyeyushwa kwenye asetoni inataka dentini yenye unyevu wa kutosha, kwa sababu asetoni inayakimbilia maji na kuyafukuza lakini haiwezi kuinua fito zilizolala. Iliyo na maji na ethanoli inasamehe kidogo, maji yake yenyewe huzilowesha fito. Zile za chupa tatu za zamani, asidi peke yake, praima ya kuiandaa dentini peke yake, bondi peke yake, bado ni nzuri sana kwa mkono wenye subira, tusizidharau.

Kuanzia miaka ya 2010 zimesambaa bondi za chupa moja ziitwazo za matumizi yote. Nyingi zina molekuli iitwayo 10-MDP, iliyotengenezwa na kampuni ya Kuraray ya Japani. Upande mmoja wa molekuli hiyo una fosfeti inayoshika kalsiamu ya jino, na chumvi inayotokea haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Upande wa pili unaganda pamoja na resini. Hapo ushikaji ni wa kikemia, na unahitaji kalsiamu ibaki kwenye dentini. Ukishaichoma dentini yote kwa asidi ya fosforiki, umeifukuza kalsiamu ambayo molekuli ilitaka kuishika. Kwa upande mwingine, asidi iliyo ndani ya bondi hizi ni ya upole, na enameli haitafuni vya kutosha.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, na tunausema wazi: ukiwa na bondi yenye MDP, weka jeli kwenye enameli tu, sekunde 15 hadi 30, osha, kausha kwa kiasi, kisha paka bondi kote. Jeli iwe nzito isiyotiririka, na sindano yake iwe nyembamba. Ikigusa dentini kwa bahati mbaya si msiba, osha na endelea ukiiacha dentini na unyevu. Njia hii inaondoa wasiwasi mwingi wa kukauka na kulowa, na kwa kliniki yenye msaidizi mmoja ndiyo tunayoipendekeza.

Namna ya kupaka nayo ina uzito wake. Usipake kama anayepaka rangi ukuta. Chovya brashi ndogo, sugua dentini kwa sekunde 20, brashi ikitembea muda wote, ongeza tone ikianza kukauka. Kusugua kunaiingiza bondi mpya na kuitoa iliyochoka. Kisha puliza hewa: anza kwa upole, kwa mbali, sekunde 5, halafu songa karibu. Angalia uso wa bondi. Ukiona unatembea kama mawimbi, kiyeyushi bado kimo, endelea. Ukitulia na kubaki unang'aa sawasawa, tayari, washa taa sekunde 10. Kiyeyushi kikibaki ndani, bondi haigandi vizuri na itakunywa maji baadaye. Bondi nyingi iliyotuama konani itaonekana nyeusi kwenye eksirei, na daktari mwingine atadhani ni uoza, alifungue jino bure.

Hewa yenyewe inatoka wapi? Kompresa ya upepo isiyomwagwa maji inapuliza ukungu, na iliyochakaa inapuliza mafuta. Tukuyu, ambako mvua haina haraka ya kuisha, tangi linajaa maji upesi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, puliza hewa kwenye kioo cha kinywani kwa sekunde 10 kisha kikague kwenye mwanga. Ukiona matone au utando wenye rangi za upinde, hewa hiyo haifai kugusa jino. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni. Hili ni kosa lisiloonekana kinywani, fundi akabadilisha chupa tatu za bondi akizilaumu, kumbe ni tangi.

Baridi na joto vya huku navyo vina nafasi yao. Bondi nyingi huhifadhiwa kwenye friji, lakini isipakwe ikiwa ya baridi; kiyeyushi hakiondoki haraka. Itoe mapema ipate joto la chumba, na usifungue kifuniko ikiwa bado ya baridi, umande utaingia. Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe na Makete, "joto la chumba" lenyewe ni baridi. Kompoziti inakuwa ngumu kama nta ya nyuki, haikai vizuri konani, inaacha mashimo ya hewa, na hata kuganda kwake kunapungua. Iweke sirinji mfuko wa koti la kazini nusu saa kabla. Kyela ni kinyume chake: kliniki isiyo na friji inaipika bondi kwenye kabati, viambato vinavunjika hata kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Kila mahali, tone la bondi litolewe pale tu unapotaka kulipaka, na kifuniko kirudishwe papo hapo. Yenye asetoni ikiachwa wazi inazidi kuwa nzito kila siku, na siku utakapoiona inavuta kama uji, itupe.

Kuna jambo la mafuta ya mgando. Baridi inapasua midomo, watu wanapaka, mkono wenye glavu unagusa mdomo, kisha unagusa kompoziti au metriksi, ule utepe unaozungushiwa jino. Mafuta yakiingia kati ya bondi na kompoziti, hapo hapo ndipo patakapoachia. Mfute mgonjwa midomo kabla ya kuanza.

Mate ndiyo adui mkubwa, na hatuna maneno ya kupamba hapa. Pazia la mpira, linalolitenga jino na mate, likiwepo, litumie; mgonjwa akizoea atalipenda kuliko maji yanayomwingia kooni. Lisipokuwepo, pamba upande wa shavu, pamba upande wa ulimi, mashine ya kunyonya iwe inafanya kazi, na msaidizi asiondoke kwenda kupokea simu. Mate yakigusa enameli iliyochimbwa, protini zake zinaziba vile vishimo kwa sekunde chache tu. Kupuliza hewa hakusaidii. Osha, paka jeli tena sekunde 10, osha, endelea. Yakigusa bondi iliyokwisha kuganda, osha, kausha, paka bondi tena na kuipiga taa. Damu ya fizi ikikusumbua, bana kwanza kwa kabari na metriksi. Dawa za kuzuia damu zenye chumvi za chuma au aluminiamu zikigusa dentini, ziondoe kwa maji mengi kabla ya asidi, kwa sababu hupunguza ushikaji.

Karafuu pia. Dawa ya muda ya zinki na mafuta ya karafuu inatuliza maumivu, lakini yujinoli iliyo ndani yake huzuia resini kuganda. Kama jino lilizibwa kwa muda kwa dawa hiyo, kwangua kuta zote hadi dentini safi, usitegemee kufuta kwa pamba. Na muulize mgonjwa: wengi huja wakiwa wameshindilia karafuu ya nyumbani kwenye tundu tangu juzi. Dawa ya kung'arisha meno yenye peroksaidi huacha oksijeni ndani ya jino. Subiri wiki 1 hadi 2 kabla ya kuziba. Klorini ya kuoshea mizizi ya jino nayo hudhoofisha bondi.

Taa inaonekana kazi rahisi, bonyeza tu. Kiwashio kilichomo kwenye kompoziti nyingi, kamforakwinoni, hunyonya mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470. Hesabu ya kawaida ni kwamba tabaka la milimita 2 linataka kama jouli 16 kwa sentimita ya mraba. Taa ya miliwati 800 inafikisha hapo kwa sekunde 20. Taa ya miliwati 400 inataka sekunde 40. Taa ambayo betri yake imechoka, au ncha yake ina kompoziti kavu iliyogandia, inaweza kuwa chini ya hapo na bado machoni ikaonekana kali. Macho hayapimi, tena yanaumia; vaa miwani ya rangi ya machungwa ili uweze kuangalia ncha ya taa inaelekea wapi badala ya kugeuza uso.

Usipokuwa na kipima mwanga, fanya hivi. Chukua kimrija cha upana wa kama milimita 4, kiviringishie karatasi ya aluminiamu mwanga usipite pembeni, kijaze kompoziti urefu wa milimita 8 au zaidi, kilaze juu ya kioo. Piga taa kutoka juu kwa sekunde zako za kawaida. Itoe, kwangua sehemu laini ya chini yote, pima iliyobaki ngumu, gawa kwa 2. Ukipata milimita 2, taa inatosha kwa tabaka la milimita 2. Ukipata 1, umekuwa ukifunika kompoziti mbichi. Rudia kila mwezi na kila kompoziti ya rangi nzito, kwani rangi nzito inapitisha mwanga kidogo.

Kompoziti ikiganda hupungua, asilimia 2 hadi 3 ya ujazo kwa zile nzito, zaidi kwa zile za kutiririka. Kwenye gego lenye tundu la juu, kuta 4 na sakafu zinashikwa, uso mmoja tu uko huru, na kompoziti inapopungua inavuta kuta zote kwa pamoja. Ama bondi inaachia mahali, ama kilele cha jino kinapata ufa, ama mgonjwa anaumia akitafuna. Weka tabaka za mshazari, zisizozidi milimita 2, kila moja ikigusa ukuta mmoja na sakafu, usiunganishe kuta mbili zinazotazamana kwa mkupuo mmoja. Kompoziti za kujaza kwa mkupuo zinaruhusu milimita 4, lakini hizo zimetengenezwa hivyo. Usiifanyie ya kawaida mtindo huo. Na geuza taa ya kiti pembeni wakati unatengeneza, inaanza kuigandisha mikononi mwako.

Meno mengine yana ukaidi wake. Waliokulia Arusha na Kilimanjaro, ambako maji mengi yana floraidi nyingi, wanakuja na enameli yenye madoa ambayo tabaka lake la juu linaikataa asidi. Likwangue kidogo, ongeza muda wa jeli, na hakikisha weupe. Wazee waliosugua meno kwa mkaa na chumvi miaka mingi wana mikato kwenye shingo za meno, dentini yake ngumu, ya manjano, inang'aa kama pembe. Mirija imejiziba kwa madini, asidi haioni pa kuingia. Pitisha drili juu juu kuikwaruza kabla ya bondi.

Katika tundu lililokaribia kiini, weka kalsiamu haidroksaidi, dawa ya kulinda kiini, pale penye hatari tu, tone dogo, uifunike kwa glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuziba meno. Resini haishiki kalsiamu haidroksaidi, kwa hiyo kila milimita unayoipaka kwenye kuta ni milimita uliyoinyima bondi.

Glasi ayonoma tunaitaja kwa heshima. Inashika kalsiamu ya jino yenyewe, bila bondi, na inavumilia unyevu kuliko kompoziti. Mbinu ya kuziba kwa vyombo vya mkono na glasi ayonoma, ijulikanayo kama ART, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na imekwenda dunia nzima. Kama tundu limeshuka chini ya fizi na damu haikomi, kama mtoto hatulii, kama umeme umekatika na betri ya taa imebaki mstari mmoja, weka glasi ayonoma siku hiyo. Kompoziti iliyowekwa kwenye mate ni hasara kwa mgonjwa, na tundu jipya litakuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kuhusu kudumu: hata tabaka la mseto lililotengenezwa vizuri huzeeka. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya dentini yenyewe hula kolajeni ambayo haikufunikwa na resini. Maabara zimeonyesha kwamba kloreksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 2, ikipakwa sekunde 30 hadi 60 baada ya kuosha asidi na kunyonywa bila kuoshwa, inavipunguza kasi. Ni hatua ya wale wanaotumia asidi kwenye dentini. Ukiona mstari wa kahawia kuzunguka dawa kwa mnywaji wa chai wa Mufindi, usikimbilie kuifungua yote. Pitisha sondi, kama ukingo haunasi na chini ni ngumu, ng'arisha tu. Kama unanasa mahali pamoja, kata hapo, kwaruza kompoziti ya zamani kwa drili, paka jeli, silani kama unayo, bondi, ujaze.

Mwisho wa kila kazi andika kwenye faili: bondi gani, chupa ilifunguliwa lini, jeli iligusa enameli tu au na dentini, pazia au pamba, sekunde ngapi za taa. Mistari miwili inatosha. Siku mtu akileta kipande kwenye kikaratasi, utakigeuza ukiwa na faili mkononi.